Gesi haikuwa ya tumboni: kisa cha kisigino cha Mama Chapati

Aliinuka kwenye benchi la kusubiria, nami nikahesabu hatua zake kama ninavyohesabu za kila anayekuja na kisigino. Ya kwanza alikanyaga kwa vidole. Ya pili kwa ubavu wa nje wa mguu. Ya tatu akashika ukuta. Alipofika mlangoni kwangu, hatua kama kumi na mbili mbele, alikuwa anatembea karibu sawa na mtu yeyote anayeshuka daladala pale Buguruni Sheli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, mimi asubuhi natembea kama kuku aliyefungwa kamba. Nikishazoea kinaachia. Nikikaa kidogo tu halafu niinuke, nakikuta palepale."

Kwa maneno hayo tu nilikuwa na jibu kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo nilipoanza kukosea. Nitaeleza.

Nitamwita Mama Chapati. Mambo ya kumtambulisha nimeyaacha, na kusimulia kumepata ridhaa yake, kwa sharti kwamba niandike pia kuwa chapati zake si za mafuta mengi. Ana miaka 47, anauza supu na chapati Buguruni, watoto watatu, mkubwa wao binti anayemsaidia kazini. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia kwenye kliniki upande wa Ilala. Kisigino chake cha kulia kilikuwa kimemuuma miezi saba.

Alikuja na mfuko, na mfuko ule ulikuwa historia nzima ya ugonjwa. Alianza kutoa kimoja kimoja na kukiweka mezani.

Kwanza dawa za vidonda vya tumbo. Jirani alimwambia ni gesi, inatembea mwilini, imeshuka ikakwama kisiginoni. Usicheke. Mjini hapa gesi imebebeshwa kila kitu, kuanzia maumivu ya bega hadi kichefuchefu cha mapenzi, na mtu akikosa jina la maumivu yake hulipokea hilo kwa shukrani. Alikunywa dawa wiki mbili, tumbo likawa safi, kisigino kikabaki kama kilivyo.

Pili, karatasi ya maabara. Mtu mwingine alimwambia ni yurik asidi, aache nyama nyekundu na maharage. Nyama aliiacha bila shida, lakini maharage ndiyo yalikuwa chakula chake cha mchana kila siku. Kipimo kilisoma kawaida, naye bado hakurudi kwenye maharage kwa sababu hakuna aliyemwambia arudi. Gauti, ugonjwa unaoletwa na asidi hiyo, ni wa kweli, ila una tabia zake: mara nyingi huvamia kiungo cha dole gumba, usiku mmoja, kikavimba, kikawa chekundu na cha moto kiasi kwamba hata shuka likigusa ni kilio. Maumivu yanayopungua ukitembea hatua kumi na mbili si gauti ya kitabuni.

Tatu, filamu ya eksirei. Hii ndiyo iliyomkosesha usingizi. Aliambiwa "mfupa umeota", na aliyemwambia akaongeza kuwa dawa yake ni kupasuliwa. Niliiweka dirishani tukaitazama wote wawili: kweli, chini ya mfupa wa kisigino palikuwa na kidomo kidogo, kimechongoka kama mwiba wa samaki. Alikitazama kama mtu aliyeonyeshwa mwizi wake.

"Ndiye huyo anayenichoma?"

Nikamjibu kwamba huyo ni jirani tu wa eneo la tukio. Vidomo vya namna hii huonekana kwenye picha za watu wengi ambao visigino vyao havijawahi kuuma, na kuna wanaolia kila asubuhi ambao picha zao ni safi. Tena hakielekei chini kama watu wanavyodhani, kimchome anapokanyaga. Kinaelekea mbele, kwenye vidole, mara nyingi ndani ya mzizi wa misuli midogo ya unyayo. Mtu anaweza kupona kabisa na kidomo kikabaki kilekile. Nikamwomba aikunje ile filamu, tuachane nayo.

Nne, alisimulia bila kutoa kitu mfukoni: alichomwa sindano ya steroidi kisiginoni kwenye zahanati moja. Wiki tatu alizoita "za harusi", kisha maumivu yakarudi. Hilo nalo halikunishangaza. Sindano ile hupunguza maumivu kwa muda mfupi, takriban mwezi, na baada ya hapo aliyechomwa na asiyechomwa hukaribiana. Ikirudiwarudiwa inaweza kukondesha ule mto wa mafuta ulio chini ya kisigino, au utepe wa unyayo ukachanika. Sisemi isitumike kamwe. Nasema alichomwa bila kuambiwa chochote cha kufanya katika zile wiki tatu za nafuu, na hizo ndizo zilikuwa mali.

Kitu cha mwisho mfukoni ndicho kilichonifanya niache kalamu. Diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu, karatasi nne tupu na moja iliyobaki nusu. Alikuwa akinunua duka la dawa, moja asubuhi, moja jioni, miezi mitatu kwa vipindi. Na ana presha, anatumia dawa za presha. Nilipompima ilikuwa 158 kwa 96. Dawa za kundi la diklofenaki huweza kupandisha presha, kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha na kuzichosha figo, na zikinywewa kwa muda mrefu huchubua tumbo. Kwa hiyo mama aliyeanza kwa kutibiwa tumbo lisiloumwa alikuwa njiani kulipata linaloumwa kweli. Nilimwandikia barua aende nayo kliniki yake ya presha wiki hiyohiyo, na vidonge avisimamishe mpaka daktari wake aseme.

Kuhusu uchunguzi nitakwenda haraka, isipokuwa pale penye maana. Nilibonyeza chini ya kisigino, upande wa ndani, mahali ambapo utepe wa unyayo unaanzia: akaruka. Nilipomnyanyua dole gumba kwenda juu huku amesimama, maumivu yaleyale. Nilikikamata kisigino kwa viganja viwili, kushoto na kulia, nikakiminya kama mtu anayeminya embe: hakuna kitu. Hilo la kuminya ni muhimu, kwa sababu mfupa wenye ufa wa uchovu hauvumilii kuminywa hivyo. Sikusikia habari ya ganzi wala ya kuwaka moto usiku. Uzi wa plastiki wa kupimia ganzi, ule unaopinda ukifika uzito wa gramu 10, aliusikia kila mahali. Sukari ya kidoleni, bila kufunga, 6.4, ya kawaida. Kwa mtu wa umri wake na uzito wake Dar es Salaam, sukari sipendi kuiacha bila kupima, maana mguu wa kisukari unaotibiwa kama mguu uliochoka huishia pabaya. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia hapaswi kukanyaga chupa ya barafu wala kutumbukiza mguu kwenye maji ya moto, hata kama jirani yake alipona hivyo.

Nilimuuliza pia kuhusu mgongo. Niliwahi kuwa na kijana wa bodaboda, visigino vyote viwili vinauma, na mgongo unaokuwa mkavu kila asubuhi mpaka saa nne. Yule hakuwa na shida ya unyayo, mwili wake ulikuwa unawaka ndani kwa ndani, nikampeleka kwa daktari wa viungo. Mama Chapati mgongo wake ulikuwa mzima.

Vipimo viwili vya mwisho ndivyo nilivyoviandika kwa wino mzito. Nilimwambia aweke mguu mbele ya ukuta, goti liuguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Mguu wa kushoto uliweza ukiwa umbali wa sentimita 8 kutoka ukutani, wa kulia 4. Kifundo kigumu, shavu la mguu limefupika. Kisha asimame mguu mmoja, anyanyue kisigino mara nyingi awezavyo: kushoto 14, kulia 6. Uzito kilo 89, urefu sentimita 158.

Sasa huo utepe. Madaktari huuita plantafashia. Ni kamba pana, ngumu, inayotoka mfupa wa kisigino hadi kwenye mizizi ya vidole vyote vitano, na kazi yake ni ya uzi wa upinde: mifupa 26 ya mguu ndiyo mti uliopinda, utepe ndio uzi unaouzuia usifunguke. Mwaka 1954 Mwingereza J. H. Hicks alionyesha kwamba tunapokaribia kunyanyua mguu na vidole vikakunjika kwenda juu, utepe huzungushwa kwenye mizizi ya vidole kama kamba inavyozungushwa kwenye winchi ya bandarini, uvungu wa mguu ukainuka na mguu ukawa mgumu wa kusukumia. Kila hatua, winchi inazunguka. Usiku, vidole vimelegea na mguu umelala, kamba inajikalia katika hali fupi. Alfajiri unapoikanyaga kwa kilo 89 kwa mpigo, inavutwa kabla haijawa tayari. Ndiyo hatua ya kwanza. Ndiye kuku wa kamba.

Jina la ugonjwa kwa Kiingereza, plantar fasciitis, linaishia na "-itis", kiambishi cha uvimbe wa moto, na jina hilo limepotosha wengi. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya kutazama kwa darubini nyama za wagonjwa 50 waliofanyiwa upasuaji wa utepe huu: kilichoonekana ni kamba iliyochakaa, nyuzi zimevurugika, bila dalili za moto wa uvimbe. Kwa hiyo dawa ya kuzima moto inafukuza kitu ambacho mara nyingi hakipo, ilhali kamba iliyochakaa inahitaji kuimarishwa polepole.

Nikampa mpango. Ulikuwa mpango mzuri wa kitabuni. Kabla hajashuka kitandani, avushe mguu juu ya goti, avute vidole kuelekea mbele ya mguu mpaka asikie utepe unakaza, ahesabu kumi, arudie mara kumi. Anyooshe shavu la mguu ukutani. Chupa ndogo ya maji aigandishe, aizungushe chini ya unyayo jioni. Avae raba. Apunguze uzito. Arudi baada ya wiki nne.

Alirudi. Nilimuuliza hatua ya kwanza ya asubuhi anaipa ngapi kati ya kumi. Mara ya kwanza alisema 8. Sasa akasema 7, na nilivyomwangalia niliona hiyo moja amenipa kwa heshima.

"Zoezi la kitandani nafanya, mwanangu, linasaidia ile ya alfajiri. Mchana ndiyo bado. Na hayo maraba siwezi, mafuta yanarukia, miguu inavimba, saa sita nimeshayavua."

Hapo wengi wetu huandika kwenye faili kwamba mgonjwa hafuati maelekezo. Mkono wangu ulishafika kwenye karatasi. Kilichonizuia ni swali ambalo nilipaswa kuliuliza siku ya kwanza, kabla sijagusa kisigino: kabla ya kuanza kuuma, kulibadilika nini?

Akafikiri. Hakusafiri, hakuanguka, hajaongezeka uzito sana, duka ni lilelile, miaka tisa. Akasema hakuna. Binti yake, aliyekuwa ameegemea mlango akichezea simu, akasema, "Si tulinunua jiko la gesi mwezi wa kwanza."

Nikaomba anirekodie video ya kazi, dakika mbili, na kesho yake akanitumia.

Miaka yote minane ya mwanzo Mama Chapati alipika kwa mkaa, jiko chini, yeye juu ya kigoda. Alisukuma chapati akiwa amekaa, alizigeuza akiwa amekaa, magoti yamekunjika na nyayo zimekanyaga bapa, akiinuka mara chache kuhudumia. Kisha akapata mtungi na jiko la plati mbili. Ni jambo jema, wala sitaki mtu anisome vibaya: moshi wa mkaa unaua, na serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lakini jiko lile likawekwa juu ya meza, meza ya kimo cha kiuno, na kigoda kikasukumwa kona. Kwenye video anasimama. Anakanda amesimama, anasukuma amesimama, anachoma amesimama, juu ya sakafu ya saruji, ndala nyembamba ya mpira iliyolika kisigino mpaka unaona doa la sakafu. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nane mchana. Saa tisa.

Nikampigia simu.

"Mama, wale waliokwambia ni gesi walikuwa sahihi."

Kimya. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

Uchunguzi mmoja wa Marekani wa 2003 uliwalinganisha wagonjwa 50 wa kisigino cha namna hii na watu 100 wasio nacho, ukakuta mambo matatu yanayojitokeza: kifundo cha mguu kisichokunjika vya kutosha, uwiano wa uzito na urefu (BMI) unaozidi 30, na kazi ya kushinda umesimama. Kifundo nilikipima. Uwiano wake ni zaidi ya 35, niliukokotoa. La tatu niliandika "mfanyabiashara" nikasonga mbele, kana kwamba neno hilo linasema mtu anakaa au anasimama. Na hata hayo mawili ya kwanza alikuwa nayo kwa muda mrefu bila kisigino kuuma. Uzito ulikuwepo miaka minane juu ya kigoda. Lililogeuza hesabu ni meza.

Mpango wa pili tuliutengenezea dukani kwake, Jumapili mchana, wateja wamepungua. Niliona kwamba kuchoma ndiko kunakohitaji kusimama, kwa sababu ya mafuta na mtungi, lakini kusukuma ndiko kunakokula muda. Basi kibao cha kusukumia kikarudishwa chini, kwenye meza fupi, na kigoda kikatolewa kona. Binti anachoma, mama anasukuma, wakimaliza beseni moja la unga wanabadilishana. Mbele ya jiko tukatandika vipande viwili vya zulia la mpira la gari, alivyovipata kwa fundi wa magari jirani kwa bei ya chapati na supu. Tukaongeza stuli ndefu kwa ajili ya ile nusu saa ya kuhesabu pesa na kujibu madeni ya wateja, ambayo nayo alikuwa akiimaliza kwa miguu yake mwenyewe.

Viatu vilituchukua muda zaidi ya nilivyotarajia. Ushauri wa "vaa raba" umeandikwa na watu wasiopika kwa mafuta kwenye joto la Dar, nami niliupitisha bila kuutafuna. Tulichohitaji ni soli nene isiyokunjika katikati kama karatasi, kisigino kilichoinuka kidogo kuliko vidole, na kinachooshwa kwa maji. Aliyapata Karume, kwenye mitumba, makubazi ya mpira mzito yenye mkanda wa nyuma. Nilimfundisha kipimo cha kushika kiatu ncha mbili na kukikunja: kikikunjika kwenye vidole, kizuri, kikikunjika katikati, mrudishie muuzaji. Ndani yake tukaongeza kipande cha sponji kisiginoni. Vile visoli vinavyotengenezwa kwa vipimo vya mguu wa mtu ni ghali, na tafiti zilizovilinganisha na vya dukani kwa maumivu haya hazikuona tofauti ya kumfanya mtu wa kipato cha Mama Chapati akope.

Halafu nyumbani. Kwake, kama kwa watu wengi wa hapa, viatu vinaishia mlangoni. Ndani ni vigae, na anatembea pekupeku kuanzia anapotia udhu alfajiri, yaani zile hatua mbaya kuliko zote anazitembea peku juu ya vigae baridi. Sikumwambia avae viatu ndani ya nyumba yake. Nilimwambia anunue jozi ya pili, isiyotoka nje kamwe, ikae ubavuni mwa kitanda, mguu usiguse kigae kabla ya kuivaa. Kuhusu swala aliniuliza mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwa sababu kukalia mguu huku vidole vya kulia vimekunjwa kulikuwa kunamuuma sana na alikuwa ameanza kuswali kwenye kiti akiona aibu. Nilimweleza kuwa mkao ule ni ileile winchi inayozungushwa hadi mwisho. Mengine amuulize shehe wake. Kwa upande wa mguu, kiti ni sawa kwa sasa, na siku kamba ikipata nguvu, mkao ule utakuwa zoezi zuri kuliko mengi ninayotoa.

Sasa kuimarisha kamba, na hapa ndipo dumu lilipoingia. Mdenmaki Michael Rathleff na wenzake walionyesha kwamba kunyanyua visigino kwa mzigo mzito, huku vidole vimekunjwa juu ya taulo lililoviringishwa, kulileta nafuu kubwa kuliko kunyoosha peke yake ndani ya miezi mitatu. Kwa mwaka mzima wote walikaribiana, lakini anayesimama saa tisa kwa siku huwezi kumwambia kwamba hiyo tofauti ya miezi ya mwanzo si kitu.

Taulo likawa kanga. Akaiviringisha, akaiweka ukingoni mwa ngazi ya nje ya duka, vidole juu ya kanga, kisigino kikining'inia, mkono umeshika nguzo. Juu kwa hesabu ya tatu, shikilia mbili, shuka kwa tatu. Siku moja ndiyo, siku moja hapana. Wiki mbili za kwanza kwa miguu yote miwili, mara 12, seti tatu. Kisha mguu wa kulia peke yake. Uliposhika nguvu tukamvika begi la shule la mwanawe mgongoni na dumu la lita 5 la maji ndani, kilo tano kamili. Nikamwambia maumivu ya 4 au 5 kati ya kumi wakati wa zoezi yasimtishe, mradi kesho yake asubuhi hatua ya kwanza isiwe mbaya kuliko ya jana. Ikiwa mbaya, apunguze maji. Hili la kupunguza maji alilielewa kuliko maelezo yangu yote ya mwanzo, kwa sababu yeye hupima kila kitu kwa ujazo.

Wateja walimtania, bila shaka. Mama mzima yuko kwenye ngazi na begi la shule, anapanda na kushuka bila kwenda popote. Mmoja, konda wa daladala, alijaribu kwa dharau, akafika mara ya tisa akakaa chini.

Kuhusu uzito nitasema kifupi. Siku ya kwanza nilimwambia "punguza uzito" kama vile ni ushungi, anauvua tu. Ni kweli uzito unaongeza mzigo kwenye kamba, lakini kilo kumi zinachukua mwaka kwa anayefanikiwa, na kisigino kinauma leo. Tena mtu ambaye kila hatua ni mwiba hatembei, asipotembea uzito hautoki. Mguu kwanza. Maharage nilimrudishia siku hiyohiyo.

Wiki ya nane kutoka ile Jumapili, mwezi wa kumi na mbili, hatua ya kwanza ilikuwa 3. Goti ukutani, sentimita 7. Kunyanyua kisigino cha kulia, mara 13. Presha, baada ya kliniki yake kurekebisha dawa na diklofenaki kuachwa, 138 kwa 86; siwezi kujua kila moja ilichangia kiasi gani, ila zote mbili zilihitajika. Kulikuwa na wiki mbili mbaya katikati, za harusi ya mdogo wake Mbagala, ambako alivaa mchuchumio siku moja na kucheza peku siku ya pili. Alinipigia akidhani amerudi mwanzo. Alikuwa amerudi wiki mbili tu nyuma, basi. Mchuchumio wenyewe haukuwa mkosaji mkuu. Mkosaji alikuwa uwanja wa saruji na saa sita za ngoma.

Wengi wenye kisigino hiki, wanane au tisa kati ya kumi, hupata nafuu ndani ya mwaka mmoja bila kisu. Ndiyo maana nilimkatalia tena alipouliza, kwa mara ya tatu, kuhusu ule upasuaji.

Mwezi wa Ramadhani ndio ulikuwa mtihani. Duka linafungwa mchana, lakini oda za futari zinafika chapati mia tatu kwa siku, zote kati ya saa nane na saa kumi na mbili jioni, na mtu mwenyewe amefunga. Siku ya tano kisigino cha kushoto, kile kizima, kikaanza kumnong'oneza. Hakunipigia. Alikuja baada ya Idi, na sahani imefunikwa kwa kawa, akanisimulia alichofanya: alimwita kijana mmoja wa kusukuma, yeye akahamia kwenye stuli, akachukua begi la shule, akaanza upya na mguu wa kushoto.

"Dumu la ngapi?" nikamuuliza.

"La kumi. Hilo la tano nimempa konda."